Vidole Vitatu

Mhandisi Graça Teles alikuja na ramani,
akaitandaza juu ya meza
(meza: neno lao, sisi tulilikopa
na hatujalirudisha),
akaikandamiza pembe kwa vikombe vya kahawa
isije ikajikunja kama mtoto anayekataa kuamshwa.

Mji umekaa kilimani, kaskazini ya Ureno,
wote itale, wote ngazi,
na umri wake hauulizwi mbele ya watu.

Ramani ilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema si nzuri.
Miti kumi na mmoja, duara baada ya duara,
chemchemi ya chuma kama kijiko kilichosimama,
na watu wadogo wa kijivu, wasio na nyuso,
wakitembea huku na huko bila kubeba kitu.
Belmiro wa posta aliwakodolea macho:
"Hawa wanaishi nyumba namba ngapi?
Mimi sijawahi kuwapelekea barua."

Kimya. Kisha kicheko.
Kisha mhandisi, masikio yamemwiva,
akakunja ramani.

Jumamosi alirudi na ndoo ya chaki.
Hakuhutubu. Alisema: pigeni alama
mnapojikwaa, mnapopumzika,
mnapopita mbio, na pale mnapopakwepa.
Basi.

Watu wazima waliona haya.
Nani apige magoti njiani, mbele ya kanisa,
na si Ijumaa Kuu?
Akaanza Dinis, miaka tisa,
akachora msalaba ukutani kwa Dona Eufémia,
pale mpira hurudi sawasawa mguuni.
Eufémia akatoka na ufagio, kauinua,
akausoma ukuta,
akaushusha ufagio,
akaomba kipande cha chaki.

Kufikia saa nane mji ulikuwa umeandikwa.
Mjane wa mwashi alipitia mawe ya marehemu,
moja moja, akiweka nukta,
akaliruka moja: "Hili si la mkono wake.
Limelala upande."
Tikaram, mtoto wa Nepali,
avunaye zabibu za wenye mashamba,
alisimama na chaki isiyoguswa kiganjani.
"Na mimi ni mkazi?"
"Unajikwaa?"
"Kila usiku, nikitoka kazini."
"Basi piga alama."

Wa mwisho Zulmira, miaka themanini na mitatu,
na mstari mmoja tu, chini ya ngazi ya kisima.
"Jiwe hili limezidi kwa vidole vitatu.
Mameya watano nimewaambia,
watatu nimewazika."

Usiku ikanyesha.
Asubuhi Graça alipanda mlima, viatu vimelowa,
akijua amepoteza kila kitu:
hakuna msalaba wa Dinis, hakuna nukta za mjane.
Akaufuata weupe ukishuka kwenye mifereji,
kona hadi kona, 
mpaka kisimani.
Chaki yote ya mji ilikuwa pale,
dimbwi jeupe kama maziwa,
limezuiwa na jiwe moja.
Kumbe mvua nayo ina la kusema,
na imeishi hapa kutuzidi sote.

Sitasema yote yakawa mazuri.
Belmiro na Eufémia hawasalimiani hadi leo,
kisa sehemu mbili za kuegesha magari.
Miti ilikuja mitatu, mmoja ukafa.
Benchi lilichelewa mwaka, nalo limeutazama ukuta;
wageni hulipiga picha wakicheka,
hawajui kwamba saa tisa, miezi ya baridi,
jua lote la mtaa hukaa pale, kwenye ukuta ule.
Taa ya Tikaram inawaka. Wakati mwingine.

Na jiwe walilichimbua, wakalishusha
vidole vitatu, kwa rula.
Kila asubuhi Zulmira hushuka na debe lake,
na akifika chini
mguu wake bado unainuka,
taratibu,
ukivuka kitu ambacho hakipo.